Mtu ni Kitu Gani? Tafakari juu ya Picha ya Dunia Iliyopigwa Kutoka Mwezini

Somo: Zaburi 8

Wapendwa katika Bwana, wiki hii ninawaomba tuisome Zaburi ya 8 tukiwa na picha moja mbele yetu. Wengi wenu mmekwisha kuiona katika kalenda, katika vitabu vya shule au katika simu zenu, pengine bila kujua ilivyopatikana. Inaionyesha dunia, bluu na nyeupe, ikichomoza juu ya ardhi ya kijivu ya mwezi. Ilipigwa tarehe 24 Desemba 1968, mkesha wa Krismasi, na William Anders, mmoja wa wanaanga watatu wa Apollo 8, chombo cha anga cha Marekani. Hao ndio binadamu wa kwanza kuufikia mwezi na kuuzunguka, ingawa hawakutua.

Anders na wenzake, Frank Borman na Jim Lovell, walikuwa wametumwa kupiga picha za mwezi, ili watakaokuja baada yao wajue mahali pa kutua. Kuipiga picha dunia halikuwa jambo lililopewa uzito. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikwisha bila wao kuiona ikichomoza, kwa sababu madirisha ya chombo hayakuwa yameelekea huko. Katika mzunguko wa nne, Borman alipokuwa akikigeuza chombo, Anders aliiona dunia dirishani, akapiga picha moja kwa filamu isiyo ya rangi iliyokuwa ndani ya kamera, kisha akamhimiza Lovell ampatie upesi filamu ya rangi. Sauti zao zilirekodiwa, na mtu akizisikiliza husikia jinsi utulivu wao wa kijeshi ulivyowatoka kwa dakika chache wakihofia kwamba dunia itapita kabla filamu haijapatikana.

Lipo jambo katika picha hiyo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunafaa kulitazama kwa makini. Mpaka kati ya mchana na usiku unapita juu ya bara la Afrika. Kwetu ilikuwa yapata saa 1:40 usiku. Kwa hiyo Mombasa, Dar es Salaam na Kampala zimo katika upande wa dunia ulioielekea kamera, ila zimekwisha kumezwa na giza. Aliyetoka nje wakati ule akatazama magharibi, kama hapakuwa na mawingu, aliuona mwezi mchanga, uleule ambao siku chache tu kabla ndugu zetu Waislamu walikuwa wameutafuta angani ili wamalize mfungo wa Ramadhani. Watu watatu walikuwa wakiuzunguka mwezi huo, wakimtazama yeye pasipo kumwona.

Nigeria, kwa upande wake, bado ilikuwa na mwanga wa alasiri. Huko vita vya Biafra, eneo lililotaka kujitenga, vilikuwa vikiendelea, na watoto walikuwa wakifa kwa njaa. Lenzi haikuweza kuonyesha hilo. Ninayasema haya kwa sababu watu huisifu picha hii wakisema kwamba kutoka mbali mipaka haionekani na dunia ni moja, na ni kweli. Lakini kutoka mbali hata mtoto mwenye njaa haonekani.

Mtunga zaburi, Daudi, alimuuliza Mungu akiwa chini, akitazama juu: “Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako, mwezi na nyota ulizoziratibisha, mtu ni kitu gani hata umkumbuke?” Anders alikuwa huko juu, akitazama kwetu, na swali likawa lilelile. Baadaye siku hiyohiyo, katika matangazo ya televisheni, wanaanga hao walisoma kwa zamu aya kumi za kwanza za kitabu cha Mwanzo, na Anders ndiye aliyeanza. Wahubiri wengi huishia hapo, kana kwamba picha ile imethibitisha imani. Mimi sidhani kwamba ni haki kuishia hapo, maana Anders mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba kuiona dunia ikiwa ndogo namna ile kuliitikisa imani yake ya Kikatoliki. Aliyesoma “Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi” mbele ya ulimwengu ndiye aliyerudi na maswali, wala hatuna sababu ya kumkemea. Anayeziangalia mbingu kwa unyofu akaogopa udogo wake yuko jirani sana na Daudi. Daudi naye aliogopa, ila hofu yake aliipeleka kwa Mungu, akamuuliza yeye.

Picha ya pili inaukaza udogo huo zaidi. Tarehe 14 Februari 1990, kwa ombi la mwanasayansi Carl Sagan, chombo cha anga cha Voyager 1 kiliipiga picha dunia kutoka umbali wa kilomita bilioni 6 hivi, na dunia ikatokea kama nukta isiyojaza hata pikseli moja, yaani chembe ndogo kabisa ya picha, katikati ya mwale wa jua. Sagan hakuwa mtu wa dini, lakini nukta ile ilimfanya asisitize kwamba tutendeane wema na kuitunza dunia, na sioni muumini anaweza kumbishia nini katika hilo. Isichoweza kutupa picha yake ni neno “umkumbuke”.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, tafadhali mstari wa 4 usisomwe peke yake. Endeleeni hadi wa 6, panaposemwa kwamba mtu huyu mdogo amevikwa taji ya utukufu na heshima, na kutawazwa juu ya kazi za mikono ya Mungu. Kisha kila mmoja amtaje mtu mmoja anayehofia kwamba amesahauliwa, awe mgonjwa, mfungwa au mzee anayeishi peke yake, kikundi kimwombee, na mmoja wenu akubali kwenda kumtembelea kabla ya Jumapili.