Kipandikizi cha Jino na Ukuta wa Lipu

Wiki niliyowekewa kipandikizi cha gego, yaani skrubu inayoshika nafasi ya mzizi wa jino, katika taya la chini, fundi alikuwa akipiga lipu nyumba yangu hapa Nkuhungu, na kabla ya kubandika chochote aliuparua ukuta kwa ncha ya nyundo, kisha akaurushia maji kwa kopo. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mzee, ukuta laini na mkavu haushiki lipu."

Daktari wangu wa meno alikuwa amenieleza jambo linalokaribiana sana na hilo, akinionyesha skrubu ya mfano ya metali ya titani isiyozidi urefu wa punje ya hindi. Nilitarajia ing'ae kama kijiko, kumbe ilikuwa ya kijivu iliyofifia. Vipandikizi vya awali vya Brånemark, daktari wa Uswidi aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, vilikuwa na uso laini kiasi, na wagonjwa walisubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Siku hizi viwanda vingi huvipiga kwa chembe ngumu na kuvichovya katika tindikali, hadi vibaki na vishimo vidogo mno. Ukwaru unaofaa ni wastani wa mikromita 1 hadi 2, ilhali unywele mmoja una makumi ya mikromita.

Vishimo hivyo hushikilia nyuzi za damu iliyoganda, na seli zinazojenga mfupa hutambaa juu ya nyuzi hizo hadi kwenye titani yenyewe, zikaanza kujenga hapohapo. Uso ukiwa laini, nyuzi huachia kwa urahisi, na mfupa hulazimika kuja polepole kutoka kwenye kuta za tundu lililotobolewa tayani. Hata yale maji ya fundi yana mwenzake: titani ikikaa hewani hukusanya uchafu wa kaboni na kuanza kuikataa damu, ndiyo maana vipo vipandikizi vinavyohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi mpaka dakika ya kuwekwa.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba kipandikizi hulegea kidogo kabla ya kukaza. Siku ya kwanza kinashikwa na msuguano tu. Baadaye mwili huondoa mfupa uliobanwa, na mfupa mpya huwa bado haujatosha. Uso wenye ukwaru hupunguza kulegea huko, lakini haukuondoi, wala hauokoi tundu lililotobolewa vibaya. Tena ukwaru ukizidi ni hasara: ufizi ukishuka na uso ukabaki wazi, bakteria hung'ang'ania kulekule palipokusudiwa mfupa.

Changu kilipimwa kwa kifaa cha mtetemo chenye kipimo cha 1 hadi 100. Siku ya kwanza kilisoma 72, wiki ya tatu 66, nami nikaendelea kutafunia upande wa pili. Wiki ya nane kilisoma 75, ndipo daktari alipochukua vipimo vya taji, yaani jino la bandia linalokaa juu ya kipandikizi.