Kumbukumbu ya mradi wangu: kutafuta pikipiki iliyotumika ya safari ya Nkuhungu hadi Mtumba

Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mvua zilipokatika. Ninatafuta pikipiki iliyotumika, ya kwenda na kurudi kazini kila siku bila mwendo wa kasi, na sharti langu la kwanza ni kwamba nishuke ofisini mgongo ukiwa haujachoka na viganja vikiwa havina ganzi. Ninakaa Nkuhungu, jijini Dodoma, na kazi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Safari ya upande mmoja inazidi kilomita 20: kwanza vumbi la mtaani kwetu, kisha lami ya katikati ya mji, kisha barabara kuu ya Dar es Salaam kupitia Nzuguni na Ihumwa, ambako malori ya masafa marefu huwa hayana subira.

Pikipiki si kitu kigeni kwangu. Nilipokuwa afisa ugani wilayani Bahi niliendesha Yamaha DT125 ya ofisi kwa miaka sita, kiangazi na masika, na mwili ulivumilia kila kitu. Sasa nina miaka 51 na kiuno changu hakikubali tena kujikunja kwa dakika arobaini mfululizo.

Bajeti yangu ni shilingi 1,800,000, na ndani yake 250,000 siigusi mpaka nitakapokuwa nimenunua, kwa sababu pikipiki iliyotumika haikosi jambo la kutengenezwa. Ukubwa wa injini nimeuweka kati ya sentimita za ujazo 125 na 150. Mji wetu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kawaida ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa mwinuko kama huu. Injini ya 100 ingenifikisha, lakini ingefika ikilia, hasa miezi hii ambayo upepo wa kiangazi hutoka mashariki na mimi kila asubuhi ninaelekea huko huko. Mlio na mtetemo wa injini iliyobanwa huchosha sawa na siti mbaya.

Jumamosi, 14 Juni

Nimezunguka yadi mbili za mjini na kijiwe kimoja cha bodaboda. Nimeona pikipiki nyingi, na mbili tu nimezikalia kwa makini.

Ya kwanza ilikuwa Boxer BM150. Kwa umbo, Boxer inanifaa: siti ni ndefu na iko chini, miguu yangu miwili inakanyaga ardhi, na usukani haunivuti kwenda mbele. Nikiwa nimekaa tu pale yadini ningeweza kuilipia. Hata hivyo kibao chake cha namba kilikuwa cheupe, yaani ilisajiliwa kwa biashara, na alama za biashara hiyo zilikuwa zimejaa mwilini mwake. Chini ya kerieri kulikuwa na mishono miwili ya kuchomelea, mmoja juu ya mwingine, na rangi nyeusi imepulizwa juu yake hivi karibuni, hata vumbi lilikuwa halijaishika. Shokapu ya kushoto ilikuwa mpya, ya kulia kuukuu, na nilipobonyeza siti kwa mikono yote miwili upande mmoja ulirudi upesi na mwingine ukasita. Nilimwambia dalali, "Kaka, hii imebeba mizigo." Akanijibu, "Hapana, mama, imebeba watu tu." Siwalaumu vijana wa bodaboda, maana chombo ni shamba lao na lazima kilimwe, ila fremu ambayo imebeba magunia hadi ikachomelewa haiendi tena moja kwa moja, na pikipiki isiyoenda moja kwa moja humlazimisha mwendeshaji kukaza bega moja siku nzima bila yeye kujua.

Ya pili ilikuwa Honda XL125 ya zamani. Ninaipenda sana aina hii kwa njia za porini, na shokapu zake za mbele zinameza mashimo vizuri. Lakini mimi nina sentimita 161, siti yake iko juu na ni nyembamba, na kwenye foleni ya taa za barabarani ningekuwa ninasimama kwa ncha ya kidole kimoja. Nimeiacha bila majuto.

Jumamosi, 21 Juni

Leo ningenunua TVS HLX 125 na ningekosea.

Ilikuwa na kibao cha njano cha matumizi binafsi, injini yake iliwaka kwa kiki moja, haikutoa moshi wa bluu, na bei ilikuwa 1,500,000. Mwenye nayo alikuwa kijana mwungwana aliyekubali niiendeshe kwa muda nilioutaka, nikimwachia kitambulisho changu na sehemu ya fedha. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nitalifuata kwa kila pikipiki kuanzia sasa. Kwa dakika kumi za kwanza kila kitu kilikuwa kitamu. Nilipovuka Nzuguni na kuanza kukabiliana na upepo, nikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, nilihisi ninairekebisha njia yangu kila baada ya sekunde chache, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi asiyetaka kutembea. Nilipofika Ihumwa viwiko vyote viwili vilikuwa vimekakamaa.

Niliegesha kando, nikaweka stendi kubwa, nikambana mwenye pikipiki kwa simu anieleze kama iliwahi kuanguka, naye akasema hapana. Niliinua tairi la mbele kwa kuelemea nyuma, kisha nikauzungusha usukani polepole kwa kidole kimoja. Katikati kabisa, pale ambapo usukani hukaa mtu anapokwenda mbele, uliingia kama kwenye kishimo na ukakataa kutoka mpaka niusukume. Gololi za shingo, yaani pale usukani unapozungukia kwenye fremu, zilikuwa zimechimba njia zake. Hii si kasoro ya aina ya pikipiki. Ni matokeo ya matuta na rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo barabarani, zilizopigwa kwa mwendo bila shingo kukazwa wala kutiwa grisi. Kubadilisha gololi na vikombe vyake si ghali, na ningeweza kuendelea na mazungumzo ya bei, ila tulishindana juu ya 80,000 na kila mmoja akashika njia yake.

Nilichokipata ni kipimo. Yadini mtu anapima siti tu, na siti laini humdanganya kila mtu. Mwili hushikana na pikipiki mahali patatu, kwenye siti, usukani na vikanyagio, na ni uhusiano wa mahali hapo ndio unaoamua kama uzito wako utakaa juu ya mifupa ya makalio au utamwagikia viganjani. Uhusiano huo hauonekani kabla ya nusu saa. Kwa hiyo sinunui tena pikipiki ambayo sijaiendesha dakika arobaini kwenye njia yangu mwenyewe, upepo ukiwa usoni.

Jumapili, 29 Juni

Rafiki wa kanisani alinielekeza kwa mzee mmoja mstaafu anayeishi Veyula, ambaye aliinunua Yamaha YBR125 wakati mradi aliokuwa akiufanyia kazi ulipofungwa. Tulisalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, tukaulizana habari za mazao na wajukuu, ndipo akanipeleka kwenye banda. Nilikuwa nimemwomba kwa simu asiiwashe kabla sijafika, na nilipoweka kiganja kwenye mapezi ya injini yalikuwa ya baridi kama jiwe la asubuhi. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha mengi: uvivu wa kuwaka, moshi wa mwanzo, na kugonga kwa vali.

Iliwaka kwa kiki ya pili, ikakaa. Nilichukua muda mrefu kuikagua na mzee hakunikimbiza. Meno ya sproketi ya nyuma, gurudumu la meno linaloshika cheni, yalikuwa yameanza kupinda kama miiba ya samaki, na cheni niliweza kuivuta na kuachana na sproketi kwa karibu nusu ya jino, kwa hiyo seti hiyo imekwisha. Shokapu za mbele hazikuwa na unyevu wa oili chini ya mipira yake. Shingo ilizunguka laini mwanzo hadi mwisho. Namba ya fremu iliyogongwa shingoni na namba ya injini zililingana na kadi, herufi kwa herufi, na jina kwenye kadi lilikuwa la mzee mwenyewe, jambo ambalo kwa pikipiki za mitumba ya mitaani ni neema, kwa kuwa nyingi zimepita mikono minne na kadi bado ni ya mtu wa kwanza.

Niliiendesha hadi Ihumwa na kurudi. Injini yake ina mhimili wa kusawazisha mtetemo unaozunguka kinyume na ule mkuu, na tofauti niliisikia kwenye vikanyagio kabla ya kuisikia kwenye viganja: nyayo hazikuwasha. Gia ni tano, hivyo kwenye kilomita 60 injini haipigi kelele. Kulikuwa na mambo mawili yaliyonisumbua. Siti ilikuwa na mteremko uliokuwa ukinisukuma taratibu kuelekea tangi, na usukani uliwekwa mbele kiasi kwamba kifundo cha mkono wa kulia kilijikunja. Yote mawili yanarekebishika, na hilo ndilo lililoniamulia. Kasoro ya fremu hubaki na mnunuzi. Kasoro ya siti huishia kwa fundi siti.

Mzee alitaka 1,650,000. Nilimwonyesha cheni na matairi, akatazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Lete milioni moja na laki tano na nusu."

Ijumaa, 4 Julai

Tumeandikiana mkataba mbele ya wakili na tumeanza uhamisho wa umiliki TRA. Kabla ya kulipa niliangalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya usajili katika mfumo wa polisi, na nikahakiki bima. Hakukuwa na deni.

Jumamosi, 19 Julai

Wiki mbili za fundi. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kazi hizi ndogo ndizo zilizoigeuza pikipiki nzuri ikawa yangu.

Chujio la hewa lilikuwa zito kwa vumbi jekundu, kiasi kwamba nilipolikung'uta juu ya gazeti lilimwaga kijilima. Tumeliosha kwa maji ya sabuni, likakauka kivulini, likatiwa oili kidogo na kukamuliwa. Oili ya injini imebadilishwa na tapeti, yaani nafasi za vali, zimepimwa injini ikiwa ya baridi. Tairi la nyuma lilikuwa limejazwa hadi 40 kwenye geji, pengine kwa ajili ya mizigo ya shamba. Nilipolishusha hadi kipimo cha mwongozo, zile rasta za Nzuguni zilipungua makali siku hiyo hiyo. Hii ni faraja isiyogharimu hata shilingi moja.

Cheni na sproketi nimeweka seti mpya. Ya mbele ilikuwa na meno 14, nami nimefunga ya meno 15. Kwa mwendo ule ule mizunguko ya injini inapungua kwa karibu asilimia 7. Nguvu ya kupanda mlima inapungua pia, lakini njia yangu ni tambarare na sibebi mzigo. Fundi aliikaza cheni mno, nikamwomba ailegeze mpaka ikawa na mchezo wa milimita 25 hivi, kwa kuwa cheni iliyokazwa hula beringi na hugonga kila tairi linapopanda tuta.

Usukani tumelegeza vishikio vyake na kuuzungusha nyuma kidogo, upana wa kidole kimoja tu, kisha tukakata kona zote mbili hadi mwisho kuhakikisha kwamba nyaya za klachi na mafuta hazivutiki. Levu za klachi na breki tumeziinamisha hadi vidole vilipofuata mstari wa mkono bila kifundo kupinda.

Kwa siti, fundi wa makochi alitaka kuongeza sponji laini ya inchi mbili. Nilimkatalia kwa upole. Sponji laini hudidimia ndani ya robo saa, na baada ya hapo mtu hukalia bati. Tumechonga sehemu ya nyuma ya pale ninapokalia ili mteremko uishe, tukaweka tabaka moja la sponji ngumu, kisha leza isiyoteleza. Siti iko chini zaidi sasa, na nyayo zangu zote mbili zinakanyaga ardhi kwenye taa.

Gharama zote hadi leo ni 214,000.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetimiza kilomita 912 tangu kazi ya fundi ikamilike, kwa lita 21.5 za petroli, yaani zaidi kidogo ya kilomita 42 kwa lita. Mwendo wangu ni kati ya 50 na 60. Wiki ya Nane Nane, foleni ya Nzuguni ilinishikilia kwa karibu saa nzima jioni moja, gia ya kwanza na ya pili tu, jua likiwa usoni, na niliposhuka nyumbani nilikwenda kuchota maji moja kwa moja bila kujinyoosha kwanza. Ganzi ya kiganja cha kulia haijarudi tangu tulipouzungusha usukani. Bega linachoka bado siku za upepo mkali, na hilo nalishughulikia kwa kuketi wima na kupunguza mwendo hadi 50.

Kinachobaki ni tairi la mbele, ambalo kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimebaki kidogo. Nitalibadilisha mwezi Novemba, kabla vumbi la Nkuhungu halijawa tope.