Encelia farinosa: jani lisikudanganye

Kichaka hiki cha ukoo wa alizeti huota kwenye majangwa ya Sonora na Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Kimo chake ni sentimita 30 hadi 150, kimeviringana kama kuba. Wengi hukitambua kwa majani ya rangi ya fedha, na makosa huanzia hapo.

Weupe ule ni vinyweleo vilivyosongamana juu ya jani. Hata neno farinosa, kwa Kilatini, maana yake ni "-enye unga". Kwangua kidogo kwa ukucha, utaona kijani chini yake. Jani lililochipua wakati wa mvua huwa pana na la kijani, na hufyonza takriban asilimia 80 ya mwanga. Ukame ukikaza, majani mapya hutoka madogo, yamejaa vinyweleo, na ufyonzaji unaweza kushuka hadi karibu asilimia 30. Jani halichemki na maji hayapotei ovyo, ila sukari inayotengenezwa hupungua. Ukame ukizidi, majani hupukutika. Kwa hiyo kichaka kilekile kinaweza kuonekana kama mimea miwili tofauti ndani ya mwaka mmoja.

Ukivunja tawi (huvunjika kirahisi mno), utomvu wa manjano hutoka na kuganda. Wanaozungumza Kihispania hukiita incienso, yaani ubani, kwa kuwa utomvu huo ulifukizwa makanisani.

Kinachoitwa ua ni kichwa chenye maua mengi madogo. Yale ya pembeni, 11 hadi 21, yanayofanana na petali, ni tasa; mbegu hutoka kwenye yale ya katikati, ya manjano au ya kahawia iliyoiva. Mbegu ni nyeusi, bapa, zenye nywele ukingoni, bila kile kishada cha kupeperukia ambacho jamaa zake wengi wanacho.

Anayekipanda hukosea kwa kukionea huruma. Maji mengi hukifanya kiwe kijani na kilegee. Baridi ya kugandisha nayo huunguza majani.

Ndugu yake anayechanganya watu ni Encelia actoni, naye ana majani ya kijivu. Tazama bua la maua: la actoni hubeba kichwa kimoja, la farinosa hugawanyika na kubeba kadhaa. Maua yakiwa yamekwisha, tafuta mabua makavu ya msimu uliopita. Mara nyingi yangali yamesimama juu ya majani.