Oili ya dizeli ikipanda kwenye dipstiki

Oili nyeusi isikutishe. Kwa injini ya dizeli huo ni masizi tu, na hutokea kilomita chache baada ya kubadilisha. Cha kutisha ni kiwango kinachopanda kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: dizeli au maji ya radieta yanaingia humo. Pikapu inayopakia viazi kutoka Molo hadi Nakuru inapaswa kupunguza oili, si kuzaa nyingine.

Egesha mahali tambarare usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza nati ya kumwagia oili taratibu: maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yatadondoka kwanza. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uache saa kadhaa. Duara jepesi linaloenea nje ya doa jeusi ni dalili ya dizeli. Tone lingine litie kwenye bati la moto. Likipasuka kwa kelele, kuna maji.

Dizeli hutoka kwenye injekta (kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda) inayovuja au sili ya pampu ya dizeli. Maji ndiyo huwachanganya mafundi: wengi hukimbilia kufungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, kumbe mara nyingine kosa ni kipoza-oili, kifaa kinachopoza oili kwa maji ya radieta. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, pampu radieta kwa pampu ya kupimia yenye geji hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko chake, mara nyingi baa 0.9 au 1.1, usubiri dakika 15. Geji ikishuka bila tone nje, maji yanaingia ndani. Mapovu yasiyokoma kwenye radieta injini ikinguruma huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Oili inayoelea humo, kwenye kipoza-oili.

Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee? Huenda ni baridi ya asubuhi na safari fupi za mjini.