Tulianza na hita, tukamalizia na dari

Tulihamia nyumba yetu hapa Mafinga ikiwa na bati, milango na madirisha, lakini bila dari, kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha na tuliiona dari kuwa pambo linaloweza kusubiri. Juni ilipofika na baridi yake, nililijua kosa letu. Usiku usio na mawingu bati hupoa upesi sana, na mvuke wa pumzi zetu ulikuwa ukishika chini yake na kugeuka maji, hata alfajiri matone yakatudondokea juu ya blanketi.

Nilikimbilia kununua hita ya umeme ya wati 2,000. Hita ya namna hiyo ikiwaka mfululizo hula uniti 2 kwa saa, kwa hiyo saa 3 za kila jioni ni uniti 6, na kwa siku 30 ni uniti 180. Joto lenyewe lilipanda hadi kwenye kenchi, likapotelea kwenye bati na kwenye upenyo ulioachwa kati ya ukuta na paa, huku sisi tuliokaa chini miguu ikitufa ganzi.

Mama, ambaye wakati huo alikuwa akikaa nasi, alitaka tuingize jiko la mkaa chumbani. Nilimwomba radhi na kukataa, kwa kuwa mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu akiwa usingizini.

Ndipo nikaanza kuutafuta upepo ulikokuwa ukiingilia. Niliwasha mshumaa nikaupitisha polepole kando ya kila fremu. Chini ya mlango wa mbele mwali ulilala kabisa, na kwenye dirisha la sebuleni uliyumba upande mmoja tu, pale fundi alipoacha ufa kati ya alminiamu na ukuta. Ukanda wa mpira uliopigiliwa chini ya mlango, silikoni kwenye ufa na mapazia mazito vilitugharimu kidogo kuliko umeme wa hita kwa mwezi mmoja, na tofauti tuliiona usiku uleule.

Dari ndiyo iliyohitaji kujibana. Badala ya kusubiri fedha za nyumba nzima, tulianza na vyumba viwili vya kulala, kisha sebule, tukiacha jiko na stoo. Mbao za msindano hazina shida hapa, jirani na msitu wa Sao Hill, na chini ya mbao hizo fundi alifunga jipsamu. Alinishauri pia tumwage maranda juu ya dari, yale wafugaji wanayotandika kwenye mabanda ya kuku. Ni kweli yanatunza joto, lakini nyaya za umeme zinapita hukohuko juu, na maranda makavu hushika moto upesi, sikukubali.

Matundu ya hewa ya ukutani sikuyaziba. Nyumba ikishazibwa hivi, jiko la mkaa ndani ni hatari kuliko hata lilivyokuwa mwanzo, na hilo nimelirudia kwa kila anayekuja kulala kwetu.

Hita ingali ipo, lakini sasa tunaiwasha nusu saa tu, watoto wanapotoka kuoga. Mablanketi yetu huamka makavu. Imebaki korido, na dari yake inasubiri mauzo ya viazi.