Githeri ya wanafunzi 600 huanza jana yake jioni

Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na mpishi mpya wa shule hapa Nakuru husumbuliwa kwanza na mahindi yanayokataa kuiva. Atalaumu jiko, kisha kuni. Mara nyingi mambo yaliharibika jana yake, pale mahindi yalipobaki guniani badala ya kulowekwa.

Tuanze stoo. Kipimo kilichozoeleka kwenye mpango wa chakula shuleni ni gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe na gramu 5 za mafuta kwa kila mtoto. Wakiwa 600, hilo ni gunia zima la kilo 90, maharagwe kilo 24 na mafuta kilo 3. Pima kwa mizani na uandike kitabuni papo hapo. Gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ikijazwa kichuguu leo na kusawazishwa kesho, hesabu za mwisho wa muhula zitamwangukia mpishi.

Mwaga mahindi kwenye turubai kungali na mwanga, uchague. Punje yenye ukungu au iliyogeuka rangi itupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa, hata ukoleze moto kutwa nzima. Gunia zima likinuka uvundo, lirudishe. Basa, yaani mhasibu wa shule, akinung'unika, mwache anung'unike. Watakaokula ni watoto.

Loweka saa mbili usiku, mahindi kwake na maharagwe kwake. Asubuhi mwaga maji hayo, gawanya nafaka kwenye sufuria mbili kubwa, wala usizijaze kupita robo tatu, kwani povu litafurika lizime moto. Mahindi yatangulie saa nzima ndipo maharagwe yafuate.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130, hufika 96. Ndiyo maana aliyezoea kupika nyoyo, kama githeri inavyoitwa kule, akija huku hujikuta amechelewa. Washa moto mapema, saa kumi na mbili au kabla, kama chakula ni saa saba kasoro.

Maji yakipungua, ongeza ya moto. Ya baridi hukatiza mchemko. Nyanya zingoje nafaka ilainike, kwa kuwa uchachu wake huyafanya maharagwe yakaze. Magadi huharakisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni.

Kujua kama imeiva, chota maharagwe machache kwa mwiko uyapulizie: ganda likichanika na kujikunja, yako tayari. Kisha bonyeza punje ya mahindi kwa vidole viwili. Ikipondeka yote, pakua. Kiini kikiteleza kizimakizima, ongeza kuni.

Mabaki yasikae sufuriani hadi jioni. Chungu kikubwa hivyo hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na hapo ndipo githeri huchacha. Yatandaze kwenye trei pana yapoe upesi, na ukiona vipovu au utelezi, mwaga yote, usiyachanganye na chakula kipya.