Kutoka Buku hadi Soo: Dar hadi Nairobi kwa Lugha ya Makonda

Saa kumi na mbili asubuhi, Mbagala Rangi Tatu. Daladala inaingia kituoni ikiwa imeshajaa, maana wengi waliomo ni wa kugeuza: wameipanda huko njiani ikiwa inakuja, ili wapate siti ya kurudi nayo mjini, na nauli watalipa mara mbili. Mimi nimesimama.

Konda hadai kwa mdomo. Anachezesha sarafu kiganjani karibu na sikio lako, noti kazikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole. Hapo hesabu ya mtaani inaanza. Jero ni 500. Buku ni 1,000, buku jero 1,500, buku mbili 2,000. Noti ya 10,000 ni Msimbazi, kwa wekundu wake kama jezi ya Simba, klabu ya mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Usiitoe alfajiri. Konda hana chenji, atakwambia "baadaye", na usipomkumbusha vituo viwili kabla ya kushuka, utaikimbilia barabarani. Jina daladala nalo ni la pesa: dala ilikuwa sarafu ya shilingi 5, nauli ya miaka ya 1980.

"Kuna mtu Mtoni?" Jibu ni moja, "Shusha!", na lisikike. Ukinyamaza, konda anagonga bodi na suka, yaani dereva, anapitiliza. Akikuita kichwa hajakutukana. Kwake kila abiria ni kichwa. Ila konda huyohuyo akimpandisha bibi mwenye kikapu hatamwambia "mambo". Atasema "shikamoo mama", kisha ampishe. Mgeni aliyejifunza misimu bila kujifunza hilo, amejifunza nusu.

Mbezi nikapanda basi la kaskazini: Chalinze, Korogwe, Same, Moshi. Arusha kijana ni chalii, na chalii wangu ni rafiki yangu tu. Vuka mpaka, msichana wa Nairobi akisema "chali yangu", anamtaja mpenzi wake.

Namanga unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Badilisha pesa hapo, na maneno yake ubadilishe pia, kwa sababu buku linakufia mpakani. Nairobi buku ni kitabu.

Neno linalowasumbua Wabongo kuliko yote ni soo. Dar, soo ni aibu au balaa: "usinitie soo". Nairobi, soo ni shilingi 100. Makanga akining'inia mlangoni na kupiga kelele "soo tao, soo tao!", hakuna balaa lolote, anatangaza nauli ya kwenda tao, yaani mjini. Chini yake kuna finje, 50, mbao, 20, na ashuu, 10. Juu kuna thao, 1,000. Noti ya 500 wakubwa bado wanaiita Jirongo, kwa Cyrus Jirongo aliyeongoza YK'92, kundi la vijana wa kuipigia debe KANU, kwenye kampeni za 1992. Na matatu? Ni tatu ileile: nauli ya zamani ilikuwa sarafu tatu za senti kumi.

Dar nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo hushangai. Nairobi hupanda na saa, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Gari lililoita finje saa nne linaweza kuita soo jioni. Uliza ukiwa bado chini, "ni ngapi tao?", usikilize neno lenyewe, kisha ndiyo uweke mguu kwenye ngazi.